Kilemba cha Fundi na Kilemba cha Ukoka

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa kijiji na halmashauri yako, waganga na wakunga wa jadi mliotoka Pangani, Korogwe, Lushoto na hapa kwetu Muheza, walimu wenzangu, wanafunzi, mama zangu na baba zangu: shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Leo ni tarehe 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, inayoadhimishwa barani kwetu tangu mwaka 2003. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuulinda ujuzi wetu wa miti shamba usigeuzwe mali ya watu wengine. Walionialika walidhani, kwa kuwa nimefundisha sayansi miaka 31, nitaanza na sheria. Sheria nitazifikia. Kwanza nina deni, na deni halilipwi kabla ya kutajwa.

Mwaka 1986 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Wakaja kijijini wageni wawili na Land Rover, watafiti wa mimea, wakitafuta kijana anayezijua njia za msituni na anayeokoteza Kiingereza. Kibarua nikakipata mimi. Nilibeba mbao za kukandamizia majani, nikaandika namba kwenye vikaratasi, nikatafsiri. Siku ya tatu wakaniuliza kama namfahamu mtu anayejua dawa. Nikawapeleka kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa na mkoba wa uganga alioachiwa na mama yake.

Bibi aliwakaribisha mkekani. Kabla ya neno lingine lolote akawauliza, "Mmekuja kujifunza?" Nikatafsiri. Wageni wakafurahi, wakasema ndiyo, sisi ni wanafunzi, bado tunasoma chuoni. Nikamrudishia Bibi: ndiyo, wanasema ni wanafunzi.

Wazee mlioko hapa mmeshaelewa kilichotokea. Vijana niwaeleze. Mtu akifika kwa fundi akatamka kwamba amekuja kujifunza, ameingia katika utaratibu. Awe fundi wa jahazi, wa ngoma, wa kushona au wa dawa, mwanafunzi huanza kwa ada na humaliza kwa kilemba. Ada ni ya kufungua mlango. Kilemba ni cha siku ile mwanafunzi anapotoka kwenda kufanya kazi mwenyewe na kula kwa mkono wake; humrudia fundi wake akampa haki yake mbele ya watu. Baada ya hapo popote atakapoulizwa kazi hii kajifunza wapi, atamtaja aliyemfundisha. Bibi alipouliza "mmekuja kujifunza" alikuwa anauliza kama wanaukubali utaratibu huo. Wao walikuwa wanajibu kuhusu chuo chao. Katikati nilikaa mimi, na wala sikuona kwamba hapo pana maneno mawili tofauti.

Basi akawafundisha kama anavyofundishwa mwanafunzi. Aliwapeleka hadi kwenye mti wenyewe. Akaweka senti chini ya shina, akasema maneno yake, ndipo akachimba. Akawaonyesha mzizi upi huchukuliwa na upi huachwa, gome la upande gani, lichemshwe hadi maji yabaki kiasi gani, mjamzito asipewe kwa nini. Waliandika kila kitu. Siku ya kuondoka walimwachia doti moja ya kanga na kilo mbili za sukari, na sukari miaka ile ilikuwa adimu, kwa hiyo nyumbani tulishukuru sana. Wakampiga na picha.

Bibi aliishi miaka minane baada ya hapo. Mara kwa mara, hasa akiona gari geni barabarani, alikuwa ananiuliza, "Wale wanafunzi wangu hawajarudi?"

Mimi nilikuja kuwa mwalimu. Siku moja, katika maktaba ya chuo nilikokwenda kwa mafunzo, nikaukuta mti wa Bibi ndani ya ripoti. Una jina lake la Kilatini, una maelezo ya gome na mzizi na kipimo, na una namba, ile namba niliyoiandika kwa mkono wangu kwenye kikaratasi. Mwishoni kuna ukurasa wa shukrani. Wametajwa wafadhili, wametajwa walimu wao, ametajwa dereva kwa jina, na nafurahi kwamba dereva alitajwa. Kisha yapo maneno ya kuwashukuru "wenyeji wakarimu wa eneo hilo kwa ushirikiano wao". Hicho ndicho kilemba alichopewa bibi yangu, na Waswahili wana jina lake: kilemba cha ukoka.

Mti ule haujawa dawa ya dukani. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu tukizungumza jambo hili watu hukimbilia mabilioni, kana kwamba kila jani lililotoka Usambara limemtajirisha mtu huko Ulaya. Sehemu kubwa ya mimea inayochukuliwa kwenda maabara haifiki popote. Lakini haki ya fundi haianzii pale mwanafunzi anapotajirika. Inaanzia pale anapofundishwa.

Na ni kitu gani hasa kinachochukuliwa? Wengine husema, mmea si unaota tu porini, Mungu kauotesha, nani anaweza kuuita wake? Mimi nawajibu kwa hesabu. Milima yetu ya Usambara ina aina za mimea zaidi ya 2,000. Kila mmoja una majani, gome, mizizi, maua, mbegu na utomvu. Mtu anayeingia msituni akiwa hajui kitu, akaamua kupima kila sehemu ya kila mmea dhidi ya kila ugonjwa, atazeeka hajamaliza bonde moja. Akitokea mtu akamwambia, "Huu, mzizi wake, kwa homa ya namna hii," amemwondolea kazi ya miaka mingi kwa sentensi moja. Jani ni la Mungu na msitu ni wa serikali au wa kijiji. Sentensi ile ina mwenyewe. Imekusanywa na watu waliojaribu na kukosea na kuzika, kisha wakawaambia watoto wao kipi cha kushika.

Tuzitazame dawa mbili ambazo hakuna mtu wa Muheza asiyezijua.

Ya kwanza ni kwinini. Pale Amani, juu kidogo ya hapa, mikwinini bado ipo. Ilipandwa na Wajerumani waliofungua kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na katika Vita Kuu ya Kwanza kituo hichohicho kilitengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi ya Mjerumani. Lakini mti huo asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na dunia ya nje ililijua gome lake kupitia watu wa huko. Kati yao alikuwepo mtu wa kabila la Waaimara wa Bolivia aitwaye Manuel Incra Mamani, aliyefanya kazi kwa mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Mamani alikuwa na jicho la kutambua mikwinini ipi ina dawa kali na ipi ni ya kupita. Ledger alimtuma mbegu. Baridi kali ikaharibu maua msimu baada ya msimu, na Mamani akangoja miaka, hadi mwaka 1865 akamletea mbegu za miti ile bora. Serikali ya Uingereza ilizikataa, Waholanzi wakanunua ratili moja, wakaipanda Java. Kufikia miaka ya 1930 Java ilikuwa inatoa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za kwinini ya dunia. Mti ukaitwa ledgeriana, kwa jina la tajiri. Na Mamani? Mwaka 1871 alikamatwa kwao kwa sababu ya mbegu, akafungwa, akapigwa, na muda mfupi baadaye akafa. Ninapopita Amani na kuona mikwinini humkumbuka yeye, kwa sababu wapo babu zetu wengi waliopona homa kwa jicho lake na hatukuwahi kufundishwa jina lake shuleni. Nami nimefundisha biolojia miaka yote hiyo bila kulitaja.

Ya pili ni dawa mseto, ambayo Tanzania iliifanya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006. Nusu ya mseto huo inatokana na mmea wa Kichina, pakanga ambayo wataalamu huiita Artemisia annua. Mtafiti Tu Youyou alikuwa amekwama. Dondoo lake mara linafanya kazi, mara halifanyi. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa miaka 1,600 hivi iliyopita, akasoma maelekezo ya kuloweka mmea ule kwenye maji na kukamua. Kukamua, hakusema kuchemsha. Hapo akashtuka kwamba labda moto ndio unaoua dawa, akabadili njia, ikakubali. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, naye akalitaja jina la Ge Hong na kitabu chake mbele ya dunia nzima.

Mnaona tofauti. Ge Hong amekufa karne 16 zilizopita na amepewa kilemba chake. Bibi yangu alikuwa hai, amekaa mkekani, na hakupewa. Kimoja kilichomsaidia Ge Hong ni kwamba jina lake lilikuwa juu ya kitabu.

Nisiende mbali na Tanga bila kulitaja lile ua letu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao Ujerumani ua dogo la rangi ya urujuani kutoka nchi hii ya Tanga na Usambara. Mwaka uliofuata bwana Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu: Saintpaulia. Leo liko madirishani kote Ulaya na Marekani, linauzwa kwenye vyungu, na linabeba jina la ukoo wa Baron. Hilo ni pambo tu, si dawa. Ila linaonyesha kwamba desturi hii ni ya zamani hapa kwetu.

Sasa niwapeleke kwa Wasani wa kusini mwa Afrika, kwa sababu kisa chao kina mafunzo kuliko vyote, na si kisa cha kushindwa tu. Wasani wakiwa kwenye mawindo marefu jangwani hula shina la mmea uitwao hoodia, linakata njaa na kiu. Mwaka 1995 baraza la utafiti wa sayansi la Afrika Kusini, chombo cha serikali, liliomba hataza juu ya kemikali iliyomo humo. Hataza, kwa wasioijua, ni hati inayompa mtu haki ya peke yake ya kutengeneza na kuuza alichokivumbua, kwa kawaida kwa miaka 20. Baraza likaikodisha haki hiyo kwa kampuni ya Uingereza, Phytopharm, nayo ikaingia mkataba na Pfizer ya Marekani ili itengenezwe dawa ya kupunguza unene. Wasani hawakuulizwa. Habari ilipofichuka mwaka 2001, mkuu wa Phytopharm alieleza kwamba alivyoelewa yeye, watu waliougundua mmea huo walishatoweka. Wasani wapatao 100,000 wako hai: Botswana, Namibia, Afrika Kusini na nchi za jirani.

Wasani walikuwa tayari wana baraza lao na wakili wao. Walikaa, wakadai, na Machi 2003 wakatia sahihi mkataba: asilimia 8 ya malipo ambayo baraza la utafiti lingepata kila utafiti unapovuka hatua, na asilimia 6 ya mrabaha, yaani fungu lake katika mauzo. Dawa yenyewe haikufika sokoni. Pfizer ilijitoa, na Unilever iliyokuja baadaye ikaacha mwaka 2008. Kwa hiyo fedha zilikuwa kidogo. Lakini wakazoea kudai, na mwaka 2019 wao pamoja na Wakhoi wakapata mkataba mwingine, wa majani ya chai ya rooibos: asilimia 1.5 ya bei ya shambani. Hiyo inahusu zao zima, na inatokana na watu waliokataa kuitwa waliotoweka.

Tena muangalie ni nani aliyeomba hataza ya kwanza. Hakuwa mgeni. Hapa nitasema jambo ambalo huenda baadhi yenu halitawapendeza. Kila tukisema "wanatuibia" tunatazama uwanja wa ndege. Mimi nimesimama barabarani hapahapa nikaona magunia ya magome yanapakiwa usiku kwenda mjini. Huko yanasagwa, yanatiwa kwenye chupa yenye karatasi ya kung'aa na picha ya mzee mwenye mvi asiyejulikana ni nani, na yanauzwa kwa bei ambayo mganga aliyeuonyesha mti hawezi kuimudu. Aliyeyabeba ni Mtanzania. Amelipa kibarua wa kuchuna gome, basi. Na huyo kibarua, kwa kuwa analipwa kwa gunia, anachuna shina kuzunguka lote, na mti unakauka umesimama. Mganga wa kweli huchuna kipande upande mmoja, hupaka udongo jerahani, na mwaka unaofuata huenda upande mwingine. Kuna mti wa milimani, Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri. Gome lake limekuwa likitengenezewa dawa ya tezi dume Ulaya kwa zaidi ya miaka 50, na uchunaji wa namna hiyo uliufikisha mahali ambapo mwaka 1995 ulibidi uwekwe kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ili biashara yake ichungwe. Ujuzi ukichukuliwa bila utaratibu wake, mti nao hauna wa kuutetea.

Sasa swali gumu, na waganga mmekuwa mkiniuliza tangu asubuhi: tufiche au tuandike?

Sikilizeni kisa cha manjano. Machi 1995 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Mississippi walipewa hataza ya Marekani juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano! Hakuna mama wa pwani asiyejua kumsinga bibi harusi kwa manjano, na huko India hupakwa vidondani tangu enzi. Baraza la utafiti la India likapinga, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Ilifutwa kwa nini? Hakuna aliyewahoji akina mama wa India. Zilipelekwa nyaraka: maandiko ya kale ya Kisanskriti, na makala ya jarida la madaktari wa India ya mwaka 1953. Mwarobaini nao ulipiganiwa, na huu tunao uani, na jina lake tu linakuhesabia magonjwa. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa wizara ya kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza ya kutumia mafuta yake kuzuia kuvu wa mimea. Wahindi na wenzao wa Ulaya walipigana, ikafutwa mwaka 2000, rufaa ikaisha mwaka 2005. Miaka zaidi ya kumi, kwa mti ambao nusu ya dunia inaufahamu. Je, ule mti wa Bibi unaojulikana na kaya saba tungeupigania kwa kitu gani? Kwa maneno ya marehemu?

Kwa hiyo anayesema "ficha, usiandike" ana hoja, lakini hatari yake ni hii: siku mgeni akidai kagundua yeye, huna cha kuonyesha. Na mara nyingi siri hufa na mwenyewe kabla hata ya mwizi kufika. Anayesema "andika kila kitu, tangaza" naye ana hatari yake. Ukishatangaza, kweli hakuna atakayeweza kupata hataza ya kitu kilekile, lakini kila mtu anaweza kukitumia bure, na kukiboresha kidogo, na kuiombea hataza hiyo nyongeza.

India walitafuta njia ya katikati. Kuanzia mwaka 2001 walijenga hazina ya maandishi ya tiba zao, wakaitafsiri kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kijapani, na wakaiweka ili isomwe na wakaguzi wa hataza kwa mkataba wa kutotoa siri. Mkaguzi akipokea ombi la manjano anafungua, anaona, anakataa. Mtu wa mtaani haoni kipimo. Kwa akili yangu hiyo ndiyo njia, na hata kijiji kinaweza kuianza kwa kiasi chake: iandikwe nani anajua, anajua mti gani kwa lugha ya nyumbani, na kwa ugonjwa gani, tarehe, mashahidi, mhuri. Namna ya kutengeneza ibaki kwenye mkoba.

Na hapa nawageukia ninyi vijana wenye simu. Nimeona video. Mjukuu anamrekodi bibi yake akichambua mizizi, anaeleza kila kitu hadi kipimo, na chini maelfu ya watu wanaweka alama za mioyo. Najua mnafanya kwa mapenzi. Mnajivunia wazee wenu, na mimi ningetoa chochote niisikie tena sauti ya bibi yangu. Lakini video ile ni tangazo kwa dunia nzima, na haliwezi kurudishwa. Yuko mtu mahali anaitazama na kalamu mkononi. Mrekodini Bibi. Rekodini akisema jina lake, jina la aliyemfundisha, jina la mti. Akifika kwenye dawa yenyewe, zimeni simu, kaeni mkekani, mjifunze. Na wapo wanaomeza dawa kutokana na video bila kujua mjamzito hapewi. Hilo nalo litakuja kumwangukia Bibi.

Sheria nilisema nitazifikia. Msingi ni Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliyoanza kazi mwaka 2014, ambayo Tanzania na Kenya zimo. Inasema kwa ufupi kwamba anayetaka mmea au ujuzi wake aombe ridhaa kwanza, na faida igawanywe kwa masharti mliyokubaliana. Jirani zetu Kenya wameliweka jambo hili ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010, na mwaka 2016 wakatunga sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi. Sisi tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa. Ni sheria nzuri, na kila mganga hapa ajisajili. Lakini ilitungwa hasa kusimamia anayetibu. Anayekuja na daftari kuchukua hakuwa mbele ya macho yake, na naomba mgeni rasmi utufikishie hilo huko juu: tunahitaji sheria ya maarifa ya jadi inayojitegemea.

Kimataifa, tarehe 24 Mei 2024 huko Geneva ulipitishwa mkataba mpya, baada ya majadiliano ya karibu miaka 25. Unataka mwombaji wa hataza iliyojengwa juu ya mimea na maarifa ya jadi aitaje nchi na jamii ilikotoka. Nilipousoma nilimkumbuka Bibi: hatimaye kuna karatasi inayodai fundi atajwe. Bado unahitaji nchi 15 ziuridhie ndipo uanze kazi, haurudi nyuma kwa yaliyokwisha kutolewa, na hataza haiwezi kufutwa kwa sababu tu ya kutotaja; mpaka pawe na nia ya udanganyifu. Ni mlango mwembamba. Tupite.

Lakini sheria ya Geneva haitakuwepo pale mkekani. Mgeni atakapofika, watakaokuwepo ni mama, mjukuu anayetafsiri, na labda mtendaji. Basi hao ndio wajue. Mtafiti wa kigeni lazima awe na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, mwombeni mkisome. Kibali hicho si ridhaa yenu. Ridhaa yenu inatoka kwenu, katika mkutano wa kijiji na kwa mwenye mkoba, na mwenye mkoba akikataa isiwe kosa. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili na yasomwe kwa sauti. Yaseme mti unakwenda wapi, nani mwingine ataupata, jina la nani litaandikwa, na matokeo yatarudi lini yasomwe hapa, hata kama matokeo ni kwamba dawa haifanyi kazi. Hilo la mwisho nalisema kama mwalimu wa sayansi. Hatupigi marufuku utafiti. Zipo dawa zetu zinazoponya, zipo zisizofanya lolote, na zipo zinazodhuru figo na ini, na tunataka kujua ipi ni ipi. Mtafiti mwema ni mgeni wetu, ale na alale.

Na mjukuu anayetafsiri ajue kwamba kazi yake si ya maneno peke yake. Akiulizwa na bibi "mmekuja kujifunza", awageukie wageni awaambie: swali hili kwetu lina ada ndani yake, na lina kilemba mwisho wake. Mnakubali?

Nimekuja na daftari la kaunta, nalikabidhi kwa katibu wa waganga. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mwenyewe jana usiku. Kuna jina la bibi yangu, jina la mama yake aliyemwachia mkoba, na jina la mti kwa lugha yetu. Mahali pa ugonjwa nimejaza. Mahali pa kipimo nimepaacha wazi, kwa sababu anayekijua ni dada yangu mdogo, aliyefundishwa kwa utaratibu, na yuko pale safu ya tatu. Mahali pa mashahidi panahitaji watu wawili waliomfahamu Bibi. Nimewaona hapa wasiopungua watano. Kalamu iko mezani.